Jora la Kijani, Tanga, na Mashoto Wawili wa Sheffield

Jumatano, 30 Aprili 2025

Konda alitaka jora langu liingie kwenye buti pamoja na mabegi na magunia ya vitunguu. Nikamwambia hili linakaa na mimi humu ndani, na kama ni kulilipia nauli ya mtoto nitalilipia. Kitambaa cha meza ya pool kikishakunjwa vibaya kinabaki na alama, mpira ukipita hapo unayumba, na lawama inamwangukia fundi, si konda. Tukamalizana kwa elfu mbili, jora likalala juu ya vichwa vya watu na safari ikaanza kutoka Mbezi.

Kazi yangu ndiyo hiyo: kubadilisha vitambaa, kupima usawa wa meza, kubandika upya mipira ya kingo iliyochoka. Tanga nina mteja wa siku nyingi, mama mmoja wa Ngamiani mwenye ukumbi, ambaye vijana wote wanamwita Bi Mkubwa. Alipiga simu kwamba meza zake zimekuwa vichaka. Nikachagua wiki hii kwa sababu zangu mwenyewe. Mashindano ya dunia ya snuka yameingia nusu fainali, na mchana nikifanya kazi, jioni nina cha kutazama.

Mama aliyekaa pembeni yangu, wa kushukia Muheza, alinivumilia mpaka tulipopita Mkata, ndipo akauliza.

“Mwanangu, toka Chalinze unaangalia wanaume wamevaa vizibao wanazunguka meza. Wamepoteza nini?”

Nikamweleza. Meza ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, ukubwa unaoweza kumeza meza mbili za pool za mtaani. Juu yake kuna mipira 22: mmoja mweupe wa kupigia, 15 myekundu ya pointi moja moja, na sita ya rangi kuanzia njano wa pointi mbili mpaka mweusi wa saba. Unatumbukiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena. Mwekundu ukizama umezama, wa rangi unarudishwa mezani mpaka wekundu wote waishe. Anayechukua mweusi baada ya kila mwekundu na kusafisha meza nzima anapata 147.

“Na akikosa?”

“Anakaa kwenye kiti, mwenzake anaingia. Anaweza kukaa hapo nusu saa hajagusa mpira.”

“Hiyo ni adhabu,” akasema, akarudi kwenye usingizi wake.

Segera tukakata kulia. Muheza machungwa yalikuwa yamepangwa mafungu mafungu kando ya barabara. Nikanunua fungu dirishani na chenji ikaniponyoka basi lilipoondoka. Tanga nimeingia alasiri, joto limelala chini na hewa nzito ya bahari. Fundi wa meza anaijua hiyo hewa kabla hajaona hata meza moja.

Usiku robo fainali zimekwisha. Waliobaki, kwa hesabu ya fremu, yaani michezo ambayo kila mmoja ameshinda, ni Ronnie O'Sullivan, aliyemtoa Si Jiahui 13-9. Judd Trump, aliyemtoa Luca Brecel 13-8. Mark Williams, aliyempita John Higgins kwa fremu ya mwisho kabisa, 13-12. Na Mchina Zhao Xintong, aliyemfunga Chris Wakelin 13-5 kana kwamba ana basi la kuwahi.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Nilijua nisingegusa meza kubwa ya ukumbini, maana sikukuu ndiyo mavuno. Nimeanza na ile ya chumba cha nyuma, ambayo imekuwa ya kuwekea makreti ya soda.

“Shikamoo, Bi Mkubwa.”

“Marahaba, fundi. Umekonda. Dar hamli?”

Kitambaa cha zamani kilikuwa na matundu ya sigara, ingawa ukumbini kwake sigara ni marufuku kama kamari. Nilipokibandua, vumbi la chaki likatoka la bluu tupu. Chini yake kuna jiwe, na jiwe ndiyo meza yenyewe. Mbao ni ya kulibeba tu. Nikaweka pima maji. Kona ya upande wa dirisha ilikuwa imeshuka, kidogo sana, lakini mpira wa taratibu hausamehi kidogo. Hapo nikaelewa kwa nini vijana wa hapa wote wanapiga kwa nguvu. Kwenye meza iliyoinama, nguvu ndiyo njia pekee ya kuunyoosha mpira. Meza mbovu inamfundisha mtu tabia mbaya, na akishaizoea, hata ukimletea meza nzuri ataipiga vilevile.

Kuvuta kitambaa ni kazi ya watu wawili. Bi Mkubwa akanipa kijana mmoja wa pale, mchezaji wake bora, mpigaji wa mkono wa kushoto. Mimi navuta kutoka kichwani, yeye anashika miguuni, kisha tunabadilishana pembeni, katikati kwanza, kona mwisho. Ukianza na kona unapata mawimbi. Kidole gumba kinapita juu ya jiwe kutafuta mkunjo ambao jicho halioni.

Saa tisa alasiri zetu, saa saba mchana za Sheffield, Zhao na O'Sullivan wameanza. Simu nimeiegemeza kwenye kreti.

Kwa asiyejua: mashindano haya yanachezwa Crucible, ukumbi wa maigizo mjini Sheffield, tangu mwaka 1977. Haujai hata watu elfu moja. Raundi za mwanzo meza zinakuwa mbili, katikati kuna kizuizi, na mchezaji wa meza moja anasikia makofi ya meza ya pili bila kujua kimetokea nini. Kuanzia nusu fainali kizuizi kinaondolewa na kubaki meza moja katikati ya taa. Wapo wanaosema ugumu wa Crucible unaanzia hapo, maana hakuna pa kujificha.

Kijana wangu wa shoto akaona mara moja. “Fundi, huyu Mchina ni wa kwetu.” Zhao naye anapiga kwa kushoto. Basi, kazi ya gundi ikasimama kidogo.

Kipindi cha kwanza kimeisha 4-4. O'Sullivan, bingwa wa dunia mara saba, hajacheza mashindano tangu Januari, alipoivunja fimbo yake kwa hasira na kujitoa kwenye mashindano ya Masters. Kwa mtu aliyetoka huko, nne nne dhidi ya kijana anayewaka si haba. Mimi nilitegemea kesho atamkalia.

Ijumaa, 2 Mei

Kipindi cha pili kilianza saa sita mchana zetu. Mnajua Tanga Ijumaa saa sita mchana. Ukumbi ukafungwa, Bi Mkubwa akachukua funguo, wanaume wakaoga na kuvaa kanzu. Nikaiacha simu mfukoni, nimeizima.

Tulipotoka msikitini tukapita kwa mzee wa kahawa. Mzee huyo si mgeni kwa mchezo; ameangalia mashindano ya taifa ya pool tangu enzi za udhamini wa Safari Lager na ana maoni juu ya kila mkono uliowahi kushika fimbo. Nikawasha simu. Ilikuwa inaenda upande mmoja tu. Fremu baada ya fremu jina lilikuwa hilohilo. Kipindi kilipofungwa, Zhao alikuwa amechukua fremu zote nane. Kutoka 4-4 mpaka 12-4.

“Ronnie huyu huyu?” mzee akauliza.

“Huyu huyu.”

“Hakuna aliyemwombea dua leo.”

Jioni nimeyaangalia marudio yake kwa utulivu, na nitasema nilichokiona mimi kama fundi wa meza. Wengi wanaangalia mpira unaozama. Mimi naangalia mweupe unakosimama. Zhao hakutumbukiza mipira ya ajabu katika fremu zile nane. Alitumbukiza mipira rahisi, na ilikuwa rahisi kwa sababu mweupe ulikuwa unafika penye pembe aliyoitaka, si katikati ya mpira, pembeni kidogo, ili aweze kuutuma tena. Hafanyi nguvu. Anaacha meza imfanyie kazi.

Na meza yenyewe ni ya kumfanyia kazi. Kitambaa cha snuka ni cha sufu na kina malaika, vinywele vilivyolala upande mmoja kuelekea upande wa mweusi. Kabla ya kila kipindi kinapigwa brashi, kisha pasi, kufuata malaika. Chini ya jiwe kuna vipasha joto ili kitambaa kisishike unyevu. Mpira unaosukumwa kwa kidole unakwenda mpaka unajisahau. Hapa kwetu Tanga, mwezi wa masika, kitambaa kinakunywa hewa ya bahari na kingo zinakuwa nzito. Mpira uliotakiwa kurudi futi tatu unarudi mbili. Kumlinganisha kijana wa Ngamiani na yule wa Sheffield bila kuzilinganisha meza ni uonevu.

Nilimaliza meza ya pili kabla ya magharibi, nikaipima kona zote nne, nikamwambia yule kijana apige taratibu. Akapiga. Mpira ukafika mwisho, ukarudi kwenye mstari uleule. Akapiga tena, safari hii anacheka.

Saa tatu usiku kipindi cha tatu. Bi Mkubwa aliruhusu ukumbi ubaki wazi, mradi kila anayetazama anunue kitu. O'Sullivan alipata fremu tatu, Zhao tano, na kwa 17-7 mechi ikaisha huku kipindi kizima cha kesho hakijaguswa.

Hapo ndipo mjadala wa kweli ulipoanza, maana kuna mmoja aliyesoma kwenye simu yake kwamba Zhao alifungiwa. Ni kweli. Alikuwa miongoni mwa Wachina kumi walioadhibiwa kwa kesi ya upangaji matokeo. Yeye hakupatikana na hatia ya kupanga mechi yake. Alikiri kubeti kwenye mechi na kuhusika katika upangaji wa mwenzake. Alifungiwa miezi 20, ambayo iliisha Septemba 2024. Akapoteza nafasi yake kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa, yeye ambaye alikwishatwaa ubingwa wa UK mwaka 2021 na German Masters mwaka 2022. Ndiyo maana mwaka huu ameingia kama mchezaji wa ridhaa, akaanzia raundi ya kwanza kabisa ya mchujo, akashinda mechi nne kabla ya kuiona Crucible.

Nusu ya ukumbi ikasema mwizi ni mwizi. Bi Mkubwa, ambaye nilidhani atakuwa mkali kuliko wote kwa jinsi anavyochukia kamari, akasema kutoka kaunta: “Amefungwa, katumikia, katoka. Mnataka afungwe na nyie?” Mzee wa kahawa akamwambia, “Bi Mkubwa, wewe mwenyewe ulimfukuza mjukuu wangu hapa mwaka mzima kwa buku mbili.” Akajibu kwamba mwaka uliisha na kijana yupo pale anakunywa soda. Yupo kweli, ndiye yule shoto wangu. Sikujua.

Mimi naona adhabu ilikuwa halali na ushindi huu ni halali. Asiyetaka hivyo alipaswa kuomba afungiwe maisha wakati ule, si leo anapoanza kushinda.

Jumamosi, 3 Mei

Pangani, kwa rafiki yake Bi Mkubwa mwenye meza moja. Daladala, minazi, mkonge, minazi tena. Meza ipo karibu na mto, unasikia pantoni linavyopakia watu wa kwenda Bweni. Kwa unyevu wa pale ningeshauri mtu afuge samaki, si meza. Jiwe lilikuwa zima, hilo ndilo lililonifariji. Nikabadilisha kitambaa, nikakaza skrubu za miguu, nikamwambia mwenyewe awe anaifunika usiku kwa turubai na kuifunua asubuhi mapema. Amekubali kwa mdomo.

Umeme ulikatika mchana na simu ikafa, kwa hiyo mechi ya Williams na Trump nimeipata vipande vipande. Nilivyorudi Ngamiani usiku ilikuwa inaelekea mwisho, na imeisha 17-14 kwa Williams.

Huyu naye apewe haki yake. Mark Williams wa Wales amefikisha miaka 50 mwezi Machi. Ni bingwa wa dunia wa 2000, 2003 na 2018. Macho yamemchoka na yeye mwenyewe halifichi hilo. Trump ndiye namba moja wa dunia. Na bado mzee amemtoa. Hajawahi kutokea mtu wa umri huo kwenye fainali ya Crucible. Rekodi ilikuwa ya Ray Reardon, naye wa Wales, aliyefika mwaka 1982 akiwa na 49. Na Williams pia anapiga kwa kushoto! Kijana wangu alipoligundua hilo alizunguka ukumbi mzima akiwapa watu mkono, wa kushoto, mpaka Bi Mkubwa akamkemea.

Jumapili, 4 Mei

Asubuhi nilitembea mpaka Raskazone kupunga upepo, nikarudi kwa bodaboda kwa sababu ya mvua. Kazi iliyobaki ilikuwa kingo za meza kubwa. Mpira wa kingo ukishakuwa mgumu hauna dawa, hata uupake nini. Unakata, unabandika mwingine, unasubiri gundi ikauke. Ninaposubiri gundi sina haraka na mtu.

Fainali ni fremu 35, anayetangulia kufika 18 ndiye bingwa, vipindi vinne kwa siku mbili. Saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umegawanyika: wazee kwa Williams, vijana kwa Zhao. Mzee wa kahawa alileta birika lake na kashata na kuhamishia biashara mlangoni kwetu.

Kipindi cha kwanza, 7-1 kwa Zhao.

Sijui niandike nini zaidi. Wazee walinyamaza. Williams si mtu wa kuonyesha hasira usoni, anakaa kwenye kiti kana kwamba anasubiri zamu ya kinyozi, na hapo alikaa sana. Akicheza mpira wa kujificha vizuri, Zhao anatoka. Akiuacha mwekundu mmoja tu wazi kutoka mbali, Zhao anautumbukiza, na mweupe unasimama nyuma ya mweusi. Kila nikitazama kitambaa kile najiuliza nani alikivuta.

Kipindi cha usiku kikawa na afadhali. Williams alishinda fremu tano kati ya tisa na wakaenda kulala 11-6. “Mmeona?” mzee wa kahawa akasema. “Mtu mzima hakimbii, anatembea.” Akawauzia kahawa walewale waliomcheka alasiri.

Jumatatu, 5 Mei

Gundi imekauka. Meza kubwa imekamilika saa nne asubuhi, na Bi Mkubwa akataka kuijaribu yeye mwenyewe. Sijawahi kumwona akishika fimbo. Alipiga mpira mmoja kwenye kingo, akausikiliza ukirudi, akasema “Haya,” akaenda kuhesabu pesa zangu. Alinikata elfu kumi kwa kreti moja ya soda ambayo vijana walikunywa wakidai fundi ndiye aliyewaagizia. Nimelipa. Ushahidi ulikuwa dhidi yangu.

Alasiri kipindi cha tatu kilianza na kile kitu cha Ijumaa kikarudi. Zhao alishinda sita, Williams mbili. 17-8. Imebaki fremu moja. Kuna waliokwenda zao nyumbani wakijua ubingwa utatangazwa usiku kwa dakika kumi.

Waliobaki wamepata walichokifuata. Saa tatu usiku Williams akaanza: fremu ya kwanza, yake. Ya pili, yake. Ya tatu. Mzee wa kahawa sasa alikuwa amesimama. Ya nne, 17-12. Hakuna mtu aliyekuwa akicheza meza yoyote, hata ile mpya. Ukitaka kujua kwa nini mchezo huu unachezwa kwa siku mbili badala ya fremu tano za jioni moja, ni kwa ajili ya saa kama hiyo. Aliye mbele anahitaji fremu moja, mkono unaanza kuwa mzito, na aliye nyuma hana cha kupoteza. Bao moja la mguu linaweza kuingia kwa bahati. Hapa bahati inachoka njiani.

Kisha Zhao akapata nafasi, akaingia mezani na hakutoka tena mpaka fremu ilipokuwa yake. 18-12.

Mchezaji wa kwanza kutoka China, na kutoka Asia yote, kuwa bingwa wa dunia. Ding Junhui alifika fainali mwaka 2016 akafungwa na Mark Selby 18-14. James Wattana wa Thailand aliishia nusu fainali mara mbili miaka ya tisini. Mwaka huu Wachina kumi waliingia Crucible, haijawahi kutokea, na wa mwisho kubaki ni yule asiyekuwa hata na kadi ya kulipwa. Mchezaji wa ridhaa naye hajawahi kulitwaa kombe hili mpaka leo. Zawadi ni pauni 500,000, ambazo kwa pesa yetu zinapita bilioni moja na nusu. Kijana wa shoto alizigawanya kwa bei ya mchezo mmoja kwa Bi Mkubwa, akakata tamaa katikati ya hesabu.

Ila na Zhao ana deni lake. Tangu 1977 hakuna aliyetwaa ubingwa kwa mara ya kwanza pale Crucible akafanikiwa kuutetea mwaka uliofuata. Mwaka huu imemkuta Kyren Wilson, bingwa mtetezi, aliyetolewa raundi ya kwanza 10-9 na mgeni wa Crucible, Lei Peifan. Na huyo Lei raundi ya pili akatolewa na nani? Zhao. Mzee wa kahawa amekwishatangaza kwamba mwakani atakuwa upande wa hiyo nuksi. Usiku huu amewanywesha vijana wote kahawa ya bure, kwa sababu aliahidi mbele ya watu, lakini anasisitiza kwamba 17-12 ilimpa haki.

Kesho narudi kwa basi la saa nne. Jora limebakiwa na kitambaa cha meza moja, kwa hiyo mwenye meza Muheza au Segera aseme usiku huu, nitashuka njiani.